Mistari ya Kisogoni

Jumapili, 3 Machi

Kwa hiyo hapana, sitazifumua nywele hizi, na anayeona kichwa changu kimekuwa kiota cha ndege basi aangalie pembeni. Ndivyo nilivyotaka kumjibu Mama Redio jana. Mdomoni ikatoka, "Bado kidogo, mama," nikapanda ngazi haraka na ndoo yangu.

Mama Redio ana saluni chini ya nyumba tunayokaa. Anaitwa hivyo kwa sababu redio yake haizimwi, na yeye mwenyewe hana swichi. Hajui kwamba huu msuko ni wa mama yangu. Mama alinisuka kwa ajili ya harusi, mwishoni mwa Januari, na katikati ya Februari tukamzika. Baada yangu hakumsuka mtu mwingine. Mistari ya mbele inarudi nyuma hadi utosini, ya kisogoni inapanda juu, yote inakutana katika fundo moja kama taji. Twiga aliponiona siku ile alisahau maneno aliyotakiwa kusema, ikabidi atajiwe upya mbele ya watu.

Twiga ni mume wangu. Mume wangu. Nimeliandika mara mbili kwa sababu bado linanichekesha moyoni. Ni mrefu mpaka anainama kwenye kila mlango, na kazi yake ni kutengeneza minara ya simu. Mvua zikianza, minara inaugua. Leo asubuhi gari la kampuni limemchukua. Amenibusu juu ya paji la uso, pale mstari wa kwanza unapoanzia, akasema, "Wiki mbili tu, malkia." Nimesimama dirishani mpaka gari limekata kona, na hata baada ya hapo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimelala upande wake wa kitanda. Mto una harufu yake bado.

Alhamisi, 7 Machi

Kazini mashine ya kopi imekwama mara nyingi kwa sababu karatasi zimevuta unyevu. Mzee Kopi, mwenye duka, anazianika juu ya taa kama samaki. Amenifundisha kupepea rimu kabla ya kuiingiza. Nilitaka kumsimulia mtu jambo hilo jioni, nikalisimulia sufuria.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe amekuja. Alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu, ana mikono ya kusonga chakula cha watoto mia tatu. Amezaa wavulana watupu, na kichwa chake mwenyewe hukinyoa kila mara kikawa laini kama kiganja. Amekaa kwenye kiti cha mlangoni, ameangalia kilemba changu, nywele zilizochomoza sikioni, kisha ameangalia ukuta.

"Haya," amesema.

"Karibu chai, mama."

"Haya."

Amekunywa, ameosha kikombe mwenyewe, ameondoka. Sijui nimemkosea nini. Nadhani anamwonea huruma mwanawe.

Jumapili, 10 Machi

Baba amepiga simu. Baba ni fundi umeme na huongea kama bili ya umeme.

"Umeme upo huko?"

"Upo, baba."

"Haukatiki?"

"Unakatika kidogo."

"Ukikatika, chomoa friji."

Hatuna friji. Nimesema, "Nitachomoa." Halafu kikaja kile kimya. Zamani hapo ndipo mama alipokuwa anamnyang'anya simu na kuanza, "Hebu niambie, umekula nini?" Sasa hakuna wa kumnyang'anya. Tumesikilizana tukipumua, nikasema, "Haya baba, shikamoo," japo nilikuwa nimeshamwamkia mwanzoni.

Jumatano, 20 Machi

Amerudi. Sina muda wa kuandika.

Ijumaa, 22 Machi

Ameondoka tena. Siku mbili tu, lakini siku gani. Amenipikia ugali mgumu tukaula tukicheka. Amefua shati lake na gauni langu pamoja akasema maji mamoja ndiyo ndoa. Jana mchana mvua ilipiga bati kiasi kwamba hatukusikiana, tukaandikiana ujumbe kwa simu tukiwa kitanda kimoja. Aliandika: Kichwa kinakuwasha? Nikaandika: Kinawasha. Akaandika: Utafumua ukitaka, usipotaka nitakukuna. Akanikuna kisogo mpaka nikalala.

Mimi nina bahati. Hata chumba kinaposikika kitupu hivi.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua kutwa, duka halikufunguliwa, mama mkwe hakuja. Sina wa kuongea naye. Nitaongea juu ya mama.

Mama alisukia barazani. Jumamosi foleni ya wasichana ilifika hadi getini, na kila mmoja alikaa kwenye mkeka, mgongo katikati ya magoti yake. Wengine walilipa, wengine walileta mkaa, wengine walileta maneno tu. Alikuwa anajua mambo ya mtaa mzima na hakuwahi kuyatoa nje ya ile baraza. Alivisoma vichwa. Nywele zikikatika mkononi alisimamisha kazi: "Nenda jikoni kwanza. Siwezi kusuka nywele zenye njaa." Na mimi nilijua kazi yangu ni kupakua.

Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa langu, mpole, anaishi na mke wa baba yake. Siku moja mama alimgawa nywele akakuta kovu bichi la moto nyuma ya sikio. Hakuuliza kitu. Alimsuka mpaka mwisho, akamsifia, akamrudisha. Kisha akavua aproni, akavaa viatu vya kutokea, akaenda kwao. Alirudi na yule msichana na mfuko wa nguo zake. Msichana alilala kitanda changu mpaka tulipomaliza kidato cha nne, na siku hizi ni muuguzi. Ndiye aliyekuja kumpima mama sukari kila asubuhi mpaka mwisho, na hakuna siku aliyokubali hata nauli.

Kwa mama, kusuka ni nyuzi tatu. Wanaosokota mbili mbili aliwaita watu wa haraka. "Hiyo ni kamba ya mbuzi," alisema, "mwambie akaifunge mtini."

Sukari ilianzia machoni, ikaingia vidoleni. Siku niliyojua vidole vimekufa ganzi, alifunua sufuria jikoni bila kitambaa, akashika mfuniko wa moto huku ananisimulia habari za jirani. Alisimulia mpaka mwisho. Nikasikia harufu ndipo nikapiga kelele. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Baada ya hapo kitana kilianza kumdondoka. Mistari ikapinda. Wasichana walimpenda, hawakumwambia. Walikaa mkekani wakasukwa, wakaenda kufumua nyumbani na kusukwa kwingine. Mmoja alisahau, akapita kesho yake mbele ya baraza na msuko wa mtu mwingine kichwani. Mama akamwita. Yule mtoto akasogea. Mama akampapasa kichwa taratibu, mwanzo hadi mwisho, akasema, "Umependeza." Akaingia ndani kuosha kitana kilichokuwa safi.

Kwa hiyo harusi yangu ilipokaribia, shangazi zangu walisema nipelekwe saluni. Mama akasema, "Kichwa hiki nilikiona kabla ya mtu yeyote, nitakitoa nyumbani mwenyewe." Mbele tulitumia siku mbili. Alipumzika katika kila mstari. Siku ya mwisho ilikuwa kisogo, na kisogo husukwi umekaa. Nililaza uso mapajani mwake nikafumba macho. Baba alikuwa anaingia anatoka na vitu vyake. Mama akamwambia aongeze sauti ya redio. Akawa ananiambia jinsi ya kuishi na mume: usimnunie ukiwa na njaa, usimsahihishe mbele za watu. Nikalala nikimwota Twiga. Nilipoamka, kazi ilikuwa imekwisha na mama anafuta macho, anasema ni mafuta ya nywele.

Mistari ya kisogoni ni minene kuliko ya mbele. Nikiipapasa najua mkono wake ulikuwa umechoka, na bado haukuacha. Ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Ndiyo ninayoishika nikiwa sina mtu.

Jumapili, 24 Machi

Baba. Umeme upo. Mvua ipo. Ameniuliza kama dari linavuja, nikasema halivuji.

Jumamosi, 30 Machi

Mama mkwe tena. Kiti kile kile. Ameleta maharage aliyochemsha mwenyewe. Nimejikaza nikasema, "Mama, kama kuna jambo nimekosea niambie." Amenitazama kwa mshangao. "Umekosea nini, mwanangu?" Akarudi kwenye ukuta wake. Nimeshindwa kumsoma.

Mama Redio naye siku hizi haulizi. Nikipita anapunguza sauti ya redio, kama watu wanavyofanya gari la maiti likipita. Afadhali angeuliza.

Jumatatu, 8 Aprili

Twiga hakurudi. Barabara imekatika, wamelala kituo cha jirani. Amenitumia picha yake akiwa mnarani na mvua nyuma yake, amefunga kamba ya usalama kiunoni. Nimeikuza mpaka ikawa jicho tupu.

Jumatano, 17 Aprili

Mzee Kopi anataka kadi ya kazi yenye picha. Anatupiga mwenyewe, mbele ya shuka jeupe.

"Binti, vua kilemba. Kadi haina adabu, inataka masikio."

Nimevua. Ameishusha kamera, ameiinua tena, amepiga. Baadaye nimemkuta kwenye kompyuta anapunguza giza pembeni mwa kichwa changu, taratibu, kwa kipanya chake chenye plasta. "Mwanga wa leo mbaya," amesema. Mwanga ulikuwa mzuri.

Picha iko mbele yangu. Ni mwanamke aliyesahauliwa na watu. Nywele mpya zimekua chini ya mistari upana wa vidole viwili, zimeivuta juu, fundo limelala upande. Na mimi nilidhani bado ni taji. Nimemtumia Twiga. Amejibu: Huyu ni mke wa nani, nimwibe?

Nimecheka, kisha sikucheka.

Jumapili, 21 Aprili

Baba amepiga nikiwa bafuni. Sikumrudia.

Jumapili, 28 Aprili

Sikumrudia tena. Ni kile kimya. Siwezi kukisikiliza leo.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nimerudi kazini nimelowa, kilemba kikabaki mkononi. Mama Redio alikuwa mlangoni, saluni haina mteja. Amenivuta ndani nijifute.

"Mwanangu, samahani kuuliza. Hivi kwenu huwa ni miezi mingapi?"

"Miezi mingapi ya nini, mama?"

"Ya kukaa na msuko. Mtu akifiwa na mzazi."

"Kwetu hakuna kitu kama hicho."

Amezima redio. Nilikuwa sijawahi kusikia ile saluni bila redio. Mvua ilisikika kama imeingia ndani.

"Kwenu hakuna?"

"Hakuna."

"Sasa mkweo alikuja hapa mwezi wa tatu, siku ile aliyokutembelea, akasimama hapo ulipo. Akaniambia, 'Yule mtoto usimguse kichwa wala usimuulize, kwao ndivyo wanavyolia.' Kaenda kwa mwenye nyumba, kaenda duka la pembeni, kafika hadi kwa yule mzee wako wa kopi. Mtaa mzima tunakunyamazia. Mimi kunyamaza. Unajua nimeteseka kiasi gani?"

"Nani alimwambia ni mila?"

"Hakuambiwa. Amekuona hufumui, akasema lazima ni mila, mtu hajiachi hivi bure."

Nimecheka mpaka nikakaa chini ya kile kikaushio cha nywele. Yule mama niliyedhani ananidharau amekuwa anazunguka mtaa mzima kunitengenezea heshima. Halafu kicheko kikageuka, na Mama Redio akanishika bega, nikamwambia ukweli, kwamba ni mkono wa mama na sina mwingine.

Akachukua kilemba changu akakitundika kikauke. Kisha akaomba aguse. Akapitisha kidole kisogoni, akajaribu kupenyeza kitana, kikagoma.

"Nitakwambia kama fundi. Zimeanza kushikana huku chini. Ukiniletea mvua zikiisha, sitafumua, nitaingia na mkasi. Zitatoka zote, na mkono wa mama yako utatoka nazo ukiwa umekatwa. Ufumue wewe, afumue mkweo, nifumue mimi, lakini iwe wiki hii."

Nimepanda juu. Nikifumua, kazi ya mwisho ya mama inaisha mikononi mwangu. Nisipofumua, inaishia kwenye ndoo ya taka ya saluni. Nimempigia Twiga, simu yake haipatikani. Fundi wa minara, na mke wake hampati.

Jumamosi, 4 Mei

Nilimsubiri mama mkwe. Alipokaa tu kwenye kiti chake na chai mkononi, nikamwambia, "Mama, kwetu hakuna mila hiyo."

Ameweka kikombe chini.

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo nimewadanganya watu wazima wote wale."

"Umewadanganya, mama."

"Na mwenye nyumba nilimkemea kabisa." Ametafakari. "Hatutamwambia."

Kisha nimemwambia sababu yenyewe, na alichosema Mama Redio, na kwamba nataka anisaidie kufumua. Amejitazama mikono. "Mimi sijawahi kushika kichwa chenye nywele. Wanangu wote niliwanyoa. Nitakuumiza." Nikamwambia ni kufumua tu. Akanawa hadi kwenye viwiko kama mtu anayeingia jikoni.

Mbele nimefumua mwenyewe kwa kioo. Kila mstari uliachia nyuzi tatu, nyembamba, zimebanana, na nikakumbuka katika kila mmoja alipumzika wapi. Nilidhani nitaanguka. Sikuanguka. Mama mkwe aliuliza, "Alikuwa anapenda kuongea?" Nikasema sana. "Basi ongea wewe." Nikamsimulia baraza, na nywele zenye njaa. Hapo aligonga paja. "Huyo tungepatana. Mimi shuleni nilikuwa nawaongezea wembamba bila mwalimu mkuu kujua."

Kisogo kilipofika, nililaza uso mapajani mwake. Alianza taratibu, mkono mzito lakini hauvuti. Kisha akasema, "Zile za mbele nilikuona unazifungua huku na huku. Hizi mbona zinafunguka kama skurubu? Nazungusha tu."

Nikainua kichwa. Nikapeleka mkono. Nyuzi mbili. Mstari wa pili, mbili. Yote, kutoka sikio hadi sikio, imesokotwa mbili mbili, kamba ya mbuzi, na karibu na utosi kila mmoja umezungushiwa uzi mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, umebana bila kuacha nafasi. Mama hakuwahi kumfunga mtu uzi namna hiyo.

Nililia vibaya. Mistari ile ndiyo niliyokuwa nashika kila jioni. Nimeilalia, nimeiombea, nimemshukuru mama kwa uchovu wake, na haikuwa yake.

Mama mkwe aliniacha nilie. Kisha akauliza, kama anayetafuta chumvi iko wapi, "Siku hiyo ndani mlikuwa nani?"

"Mimi na mama."

"Na nani?"

Ndipo nikaiona ile mikono. Nimeitazama tangu utoto juu ya ngazi, imeshika nyaya mbili, inazisokota kwa kidole gumba, inazungusha utepe mweusi mzunguko juu ya mzunguko ili zisiachie.

"Na baba."

Mama mkwe alikaa na uzi mmoja mweusi kiganjani. "Mume wangu," alisema, "hajawahi hata kunishikia kioo."

Jumapili, 5 Mei

Sikusubiri apige. Nimempigia asubuhi.

"Umeme upo huko?"

"Upo, baba. Baba, kisogoni ulinisuka wewe?"

Kile kimya kikaja. Leo nilikaa ndani yake.

"Ziliachia?" ameuliza.

"Hazikuachia. Tumezifumua jana."

"Ah." Nimemsikia akivuta kiti. "Vidole vilimgomea. Ulikuwa umelaza uso pale mapajani, akanitazama, akanionyesha kwa kidevu. Mimi nikasema kwa ishara siwezi. Akanitolea macho. Nilijaribu tatu ikanishinda, nikaona nitamharibia mtoto harusi, nikafanya ninayoijua. Alikuwa anaongea na wewe huku ananiangalia kama naunganisha waya wa wizi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alitaka uondoke na mkono wa mama yako. Alisema nikisema atanifukuza."

"Na baadaye, baba? Alipokwisha kuondoka?"

"Msibani ulikuwa umekaa pale pembeni unazishika. Unazishika tu. Ningekwambiaje?"

Nilimfikiria amekaa na jambo hilo miezi yote hii, Jumapili baada ya Jumapili, akiniuliza umeme. Nikamwuliza anakula nini. Akasema anakula. Nikasema anakula nini, baba, taja. Akataja mkate. Nikauliza na jana. Akasema na jana mkate, siku hizi ni mzuri. Nikauliza anakaa wapi jioni. Akasema barazani, ila hapiti mtu siku hizi, wasichana wanapita upande wa pili, nadhani wanaona aibu kumsalimia mtu asiyesuka.

"Sasa huko nani anakusuka?" akauliza.

"Bado hakuna. Kichwa kiko wazi."

"Usiache wazi na mvua hii."

Twiga anafika Alhamisi, atanikuta na kichwa kipya, sijui atasemaje na ninatamani kujua. Lakini hata asipofika, hata barabara ikikatika tena, nimemwambia baba atoe mkeka nje, anunue uzi mweusi, asile mkate peke yake siku nitakayofika. Ninakuja anisuke kabla mwezi huu haujaisha.